Herufi Tatu, Wenyewe Wawili: Uchambuzi wa Kisa cha WWF

Mtaje WWF mbele ya watu waliokuwa vijana miaka ya 1990, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na wengi watakutajia mieleka: Hulk Hogan, Undertaker, kanda za video zilizochakaa kwa kuazimwa nyumba hadi nyumba. Mtaje kwa mvuvi wa Mafia au Kilwa, atakuambia habari za kasa, matumbawe na vita dhidi ya uvuvi wa baruti. Mhandisi wa ujenzi aliyezoea michoro ya Kimarekani ataona wavu wa chuma unaolazwa chini ya zege la sakafu, ule ambao mafundi wetu wanauita BRC. Kuna wanaocheza mchezo wa maneno kwenye simu, Words With Friends, nao wanaufupisha kwa herufi hizohizo. Huko Chennai, India, Working Women's Forum, shirika la wanawake wa kipato cha chini, limetumia WWF tangu 1978.

Hakuna undugu kati ya hao wote. Wawili tu ndio waliofikishana mahakamani, na kesi yao ndiyo nataka kuichambua, kwa sababu inasimuliwa sana na kila mara inapindishwa. Simulizi ya mitaani inasema hivi: shirika la kuhifadhi wanyama liliwashtaki wanamieleka kwa kuiba jina, likashinda, wanamieleka wakanyang'anywa. Sivyo ilivyokuwa. Mahakama haikutamka kwamba herufi hizo ni mali ya shirika lenye nembo ya panda. Ilitamka jambo la kawaida zaidi, na kwangu mimi ni zito zaidi: aliyesaini ahadi kwa akili timamu, akiwa na mawakili wake pembeni, aitimize.

Kabla ya kufika huko, inafaa tuone kwa nini herufi zinagongana. Alfabeti ya Kilatini ina herufi 26. Ukizipanga tatutatu unapata michanganyiko 17,576, basi. Dunia nzima inagawana hiyo: serikali, benki, vyama vya siasa, magonjwa, vipimo, timu za mpira, programu za kompyuta. Tena hatuzichagui kwa usawa. Mashirika ya kimataifa hupenda kuanza na W ya World (dunia) au I ya International (kimataifa). Ya Tanzania yanaanza na T: TRA, TBC, TBS, TFF, TPA. Ya Kenya yana K yake: KRA, KBC, KPA. Michanganyiko yenye X na Q imelala bila kazi huku ile inayoanza na herufi zinazopendwa ikipiganiwa. Kwa hiyo mtu akilia kwamba kifupisho chake "kimeibiwa", mara nyingi hakuna aliyeiba. Watu wawili wamefuata njia ileile ya kutoa majina, wakakutana mwisho wa njia.

Wengi wakikutana hivyo hawagombani. NBC ni mfano mzuri. Marekani ni kampuni ya utangazaji iliyoanza 1926. Tanzania ni benki iliyozaliwa 1967, mabenki ya kigeni yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Sijawahi kumwona mtu aliyekwenda tawi la benki Kariakoo akitafuta taarifa ya habari. UDA nayo: kwa mkazi wa Dar ni Usafiri Dar es Salaam, mabasi, kwa Mkenya ni United Democratic Alliance, chama kilichompeleka William Ruto ikulu 2022. Mpaka wa nchi unatosha kuwatenganisha, na pale usipotosha, mazungumzo yenyewe yanamaliza utata. Ukisikia "nimekosa UDA, nimechelewa kazini", huhitaji kuuliza.

Sheria ya alama za biashara imejengwa juu ya hali hiyo. Kuna utaratibu wa kimataifa, uliotokana na mkataba uliosainiwa Nice, Ufaransa, 1957, unaogawa bidhaa na huduma katika madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Anayesajili alama BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, au kwa wenzao wa Kenya huulizwa daraja. Huduma za benki ziko daraja la 36, mawasiliano ya utangazaji la 38, burudani na elimu la 41. Jina lilelile linaweza kukaa madaraja tofauti chini ya wenyewe tofauti, mradi mnunuzi asichanganyikiwe. Ndiyo maana NBC na NBC wanalala usingizi.

Sasa turudi kwa hawa wawili, tuwaone kila mmoja alikotoka.

Wa kwanza anaanzia huku kwetu, kwa kiasi fulani. Mwaka 1960 Julian Huxley, mwanabiolojia Mwingereza aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, alizuru Afrika Mashariki, kisha akaandika katika gazeti la The Observer la London akionya kwamba wanyamapori aliowaona wako hatarini kutoweka. Makala hizo zilichochea watu, na Septemba 1961 World Wildlife Fund ikaanzishwa rasmi Morges, Uswisi. Mwezi huohuo, Arusha, katika mkutano wa uhifadhi uliowakutanisha Waafrika na wataalamu wa nje, ikatolewa Ilani ya Arusha, ambamo Julius Nyerere aliahidi kwamba Tanganyika, iliyokuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru, itawalinda wanyama hao kwa ajili ya wajukuu. (Ilani hii watu huichanganya na Azimio la Arusha la 1967. Migongano ya majina haiishii kwenye herufi.) Nembo ya shirika ikawa panda, kwa kumtazama Chi-Chi, panda jike aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya London. Peter Scott, mchoraji na mmoja wa waanzilishi, alisema wazi kuwa walitaka mnyama mwenye mvuto, aliye hatarini, na mwenye rangi nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama za uchapaji.

Mwaka 1986 shirika lilibadili jina na kuwa World Wide Fund for Nature, isipokuwa Marekani na Kanada ambako jina la zamani lilibaki. Zitazame herufi za jina jipya: ingepaswa kuongezwa N mwishoni. Hawakuiongeza. Maneno yalibadilika, kifupisho kikabaki, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wanaijua WWF kuliko walivyojua kilichofupishwa. Hapo ndipo kifupisho kinapogeuka kuwa jina lenyewe, na hapo ndipo kinapoanza kuwa na thamani ya kupiganiwa.

Wa pili ni kampuni ya familia ya McMahon, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwaka 1963 ilijiita World Wide Wrestling Federation, WWWF. Mwaka 1979 wakaona W tatu zimezidi, wakapunguza moja: World Wrestling Federation. Hakukuwa na hila yoyote hapo. Kampuni ilikuwa ya kikanda, ikizunguka majumba ya michezo ya majimbo machache, na sidhani kama kuna mtu Uswisi aliyeijali. Mwaka 1982 Vincent Kennedy McMahon aliinunua kutoka kwa baba yake, akaivunja mipaka ya kikanda ambayo mapromota walikuwa wakiheshimiana, akaipeleka kwenye televisheni ya kebo, na 31 Machi 1985 akafanya WrestleMania ya kwanza Madison Square Garden, New York. Kuanzia hapo herufi WWF zikaanza kusafiri kwa kanda za video na satelaiti hadi kwenye miji yetu.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huruka sehemu inayofuata. Kama kila upande ungebaki na kazi yake ya msingi, huyu uhifadhi na yule tamasha la mieleka, daraja zingetosha kuwatenganisha kama zinavyowatenganisha NBC wawili. Hakuna anayekata tiketi ya kumtazama Undertaker akidhani fedha zake zitamlinda faru. Lakini wote wawili walikuwa wanauza fulana. Wote walikuwa wanauza midoli: huyu panda laini wa manyoya, yule sanamu ya plastiki ya mwanamieleka. Nguo ziko daraja la 25. Midoli na michezo ni daraja la 28. Kwenye rafu ya duka la watoto, bidhaa mbili zenye herufi WWF zingeweza kukaa bega kwa bega, na mzazi anayetafuta zawadi asijue fedha yake inakwenda kwa nani. Herufi hazikugombanishwa na kazi za msingi. Ziligombanishwa na biashara ya pembeni, ile ya vikombe, kofia na vibandiko, ambayo kila jina maarufu huiingia hatimaye.

Mivutano ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi hii na ile, juu ya usajili wa alama. Mnamo 20 Januari 1994 pande mbili zikasaini makubaliano ya kuimaliza. Wanamieleka waliahidi kuacha kuandika au kuonyesha herufi WWF katika biashara yao karibu kila mahali duniani, kukiwa na ruhusa chache zilizohesabiwa, na hata kuzitamka kwa mdomo kuliwekewa mipaka. Jina lao refu, World Wrestling Federation, halikuguswa. Walichokiachia ni ufupisho tu.

Masharti hayo yalikuwa makali sana, na siwashangai wanaowaonea huruma wanamieleka. Wakati huo kampuni ilikuwa hoi. Novemba 1993 McMahon alikuwa amefunguliwa mashtaka ya shirikisho Marekani kuhusu dawa za kuongeza misuli. Julai 1994 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta hana hatia, lakini Januari hakuna aliyejua litakuja nini. Mtu mwenye kesi ya jinai kichwani hupenda kumaliza kesi nyingine haraka. Hata hivyo makubaliano yalisainiwa na kampuni kubwa yenye wanasheria waliobobea, na kila neno lilipimwa. Huyo hakuwa mkulima aliyewekewa dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma.

Kwa miaka mitatu hivi mambo yalitulia. Kisha kampuni ikapata nguvu upya na ahadi ikaanza kuonekana nzito. Mwaka 1997 wakafungua tovuti wwf.com. Kuelekea 1998 wakatoa nembo mpya, herufi zilizochorwa kama mikwaruzo ya kucha, ikabandikwa kila mahali: ulingoni, kwenye fulana, kwenye michezo ya video. Mwaka 1999 wakafungua mgahawa Times Square, katikati ya New York, wakauita WWF New York. Oktoba mwaka huohuo wakauza hisa zao kwa umma. Na burudani yenyewe ilikuwa imebadilika: matusi zaidi, damu zaidi, ishara za aibu zilizoifanya jumuiya za wazazi Marekani kuanzisha kampeni dhidi ya wadhamini. Shirika linaloingia darasani kuwafundisha watoto kuhusu mazingira lilikuwa na kila sababu ya kutotaka kufanana herufi na kipindi hicho.

Tovuti ndiyo iliyovunja kila kitu, nami naiona kama kiini cha kisa. Kabla ya intaneti, maneno yanayofanana yalitenganishwa na nchi, na lugha, na aina ya duka, na ukurasa wa gazeti ulipoyakuta. Anwani ya mtandao haina daraja la 25 wala la 41. Haina Uswisi wala Connecticut, jimbo la Marekani yaliko makao ya wanamieleka. Kuna wwf.com moja tu chini ya jua, na aliyeipata kaipata. Ule utaratibu wote wa Nice, uliojengwa kwa subira ili watu wengi waweze kushiriki neno moja, haukuwa na mahali pa kushika kwenye kisanduku cha anwani. Mtoto akiandika herufi tatu akitafuta panda, anakutana na wanaume wenye viti vya chuma mikononi. Ninapofikiria mashirika madogo ya kwetu yanayochagua vifupisho leo, jambo hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko sheria: wanaangalia kama jina limesajiliwa wilayani, hawaangalii nini kinajitokeza mtu akiliandika kwenye simu.

Mwaka 2000 shirika la uhifadhi likafungua kesi katika Mahakama Kuu ya Uingereza. Hoja yao haikuwa "alama yetu imeigwa". Ilikuwa "mkataba umevunjwa". Tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwenye kesi ya kuigwa alama wangelazimika kuthibitisha kwamba watu wanachanganyikiwa, au kwamba sifa yao inaharibiwa, nchi baada ya nchi, kila moja na sheria yake. Kwenye kesi ya mkataba walihitaji kuonyesha karatasi na kuonyesha tovuti. Wanamieleka hawakuweza kudai kwamba hawakutumia herufi. Zilikuwa zimeandikwa hadi kwenye kuta za Times Square. Walichodai ni kwamba makubaliano yenyewe ni batili kwa kuwa yanabana uhuru wa kufanya biashara kupita kiasi.

Tarehe 10 Agosti 2001 Jaji Jacob alitoa hukumu bila kuiruhusu kesi ifike kwenye usikilizwaji kamili, kwa sababu utetezi huo haukuwa na matumaini ya kweli ya kushinda. Rufaa ikatupwa 27 Februari 2002. Mahakama ya Rufaa ilishika msimamo ambao nauona wa busara: pande mbili zenye ushauri wa kisheria zinapomaliza mgogoro wa kweli kwa makubaliano, mipaka waliyojiwekea inachukuliwa kuwa ya haki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nani anajua vizuri zaidi mpaka unaofaa, jaji au wale wawili waliokaa mezani? Wangeruhusiwa kuubatilisha kila upepo wa biashara unapogeuka, hakuna mgogoro wa jina ambao ungeisha kwa mazungumzo. Watu wangepigana hadi mwisho kila mara, kwa sababu suluhu isingekuwa na maana.

Mapema Mei 2002 kampuni ikawa World Wrestling Entertainment, WWE. Kwenye nembo waliiondoa F, zikabaki W mbili zenye mikwaruzo. Wakafanya kampeni ya matangazo kuhusu kuitupa F, kwa maneno ya Kiingereza yenye utani mchafu kidogo, na wakaifanya hasara iwe tangazo. Mgahawa wa Times Square ukabadilishwa jina na kuwa The World. Shida kubwa ilikuwa ghala la picha. Miaka ya mieleka iliyorekodiwa ilikuwa imejaa ile nembo ya mikwaruzo, kwenye bango nyuma ya ulingo na kwenye fulana za watazamaji. Kwa karibu mwongo mmoja, kila pambano la enzi hizo lililotolewa upya lilipitia kwa mhariri aliyeifunika nembo kwa ukungu, fremu baada ya fremu, na kukata sauti ya mtangazaji alipotamka herufi ya mwisho. Anayetazama kanda hizo anaona mabaka yanayotembea na miili ya wapiganaji. Gharama ya kuvunja ahadi ilionekana hapo, kwa macho.

Shirika nalo halikupata kila lilichotaka. Baada ya kushinda lilidai fedha: kiasi ambacho wanamieleka wangelazimika kulipa kama wangeomba ruhusa ya kuvunja masharti badala ya kuyavunja tu. Jaji mmoja alikubali mwaka 2006 kwamba dai hilo linaweza kuendelea. Aprili 2007 Mahakama ya Rufaa ikalifunga, kwa sababu walipaswa kulileta mapema katika kesi ileile, si kulitoa mfukoni miaka kadhaa baadaye. Nadhani ilikuwa haki. Aliyeshinda kwa kusisitiza kwamba mwenzake afuate utaratibu hawezi kulalamika akiambiwa naye aufuate.

Aprili 2011 wanamieleka walitangaza kwamba WWE haisimamii tena maneno yoyote kwa umma. Ni herufi tu, ingawa jina la kisheria la kampuni lilibaki. Wenzao walikuwa wamefika hapohapo miaka 25 kabla, walipobadili maneno na kuacha herufi. Mwaka 2012 pande mbili zilielewana, na picha za zamani zikaruhusiwa kuonyeshwa bila ukungu, F ikiwa mahali pake. Tangu hapo, anayefungua pambano la 1999 anaiona nembo kama ilivyokuwa siku ile, halali kwa yaliyopita na marufuku kwa bidhaa mpya. Na makubaliano hayo ya pili, tofauti na yale ya 1994, hayajarudi mahakamani.